Somo: Lini uandike "the" mbele ya jina la nchi kwenye lebo ya bidhaa

Kiswahili hakina neno linalofanya kazi ya "the", na kwa sababu hiyo wengi wetu, tunapoandaa lebo za Kiingereza, huliweka au kuliacha kwa kubahatisha, ilhali umbo la jina la nchi lenyewe ndilo linaloamua.

Hatua ya kwanza: liandike jina kama litakavyosomeka kwenye lebo. Likiwa jina tupu la pekee, kama Kenya, China au Italy, andika "Made in Kenya" na uishie hapo.

Hatua ya pili: tafuta ndani ya jina neno la kawaida linalotaja aina ya dola, kama vile Republic, Kingdom, States au Emirates. Likiwemo, "the" ni lazima, hata kama nchi hiyohiyo kwa jina lake fupi hailihitaji. Ndiyo maana huandikwa "Made in Tanzania" lakini "Made in the United Republic of Tanzania", na "Made in Czechia" lakini "Made in the Czech Republic".

Hatua ya tatu: angalia kama jina liko katika wingi, kwa mfano the Netherlands, the Philippines na the Maldives. Hapa inafaa kuwa mwangalifu, kwa sababu herufi "s" mwishoni haitoshi kuwa ushahidi: Cyprus, Honduras na Mauritius ni majina ya umoja na hayachukui "the". Kwa upande mwingine, the Gambia, iliyopata jina lake kutokana na mto, hulichukua ingawa haimo katika kundi lolote kati ya hayo, kwa hiyo ikariri tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona bidhaa nyingi zina "Made in USA" bila "the"? Je, ni kosa?

Jibu: Si kosa. Lebo ni maandishi ya mkato, na vifupisho kama USA na UK vimezoeleka hivyo. Hata kanuni ya Marekani ya mwaka 2021 kuhusu lebo hizo hutumia "Made in USA". Ukiliandika jina kwa urefu, rudisha "the": "Made in the United States".

Swali: Nimeona "the Ukraine" kwenye bidhaa ya zamani. Niifuate?

Jibu: Usiifuate. Matumizi hayo yaliifanya nchi ionekane kama eneo la dola nyingine, na tangu uhuru wa 1991 jina sahihi ni Ukraine.

Swali: Samahani mwalimu, forodha wanaweza kuzuia mzigo kwa kukosa "the"?

Jibu: Nchini Marekani, sheria ya ushuru ya 1930 hudai jina la Kiingereza la nchi liandikwe mahali panapoonekana, lisomeke na lisifutike kwa urahisi, ili mnunuzi wa mwisho aijue nchi ya asili. Kanuni zake hukubali hata kifupisho kisicho na utata, kama "Gt. Britain". Kwa hiyo hangaikia kwanza wino na ukubwa wa herufi. "The" ni suala la Kiingereza sanifu, na mnunuzi makini huliona.