Mkojo ukikutoka unapokohoa: tafuta msuli kwanza, mazoezi baadaye

Naandika haya baada ya kumsaidia mama mmoja muuza mchele ambaye mkojo ulikuwa unamtoka kila akiinua debe, na hata akiinama kwenye rukuu. Kliniki walishamwambia "fanya mazoezi ya kubana mkojo". Akabana kwa miezi, asione tofauti. Hakuwa mvivu. Alikuwa anasukuma chini wakati msuli unaozuia mkojo unatakiwa uvutwe juu, na hakuna aliyemkagua. Katika kazi yangu ya fiziotherapia hili naliona kuliko jambo lingine lolote, kwa hiyo hatua ya pili hapa chini ni ndefu. Msiiruke.

Hatua ya 1: Jua mkojo unatoka lini

Mkojo ukitoka unapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kunyanyua ndoo, hilo ni tatizo la msukumo, na hapo ndipo mazoezi yanapofanya kazi vizuri zaidi. Ukibanwa ghafla na usifike chooni, mazoezi yanasaidia pia, pamoja na hatua ya 5.

Mkojo ukichuruzika muda wote, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa kujifungua wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Tundu halizibwi kwa kubana. Nenda hospitali. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inatibu fistula bila malipo. Ukiwa na maumivu ukikojoa, damu au homa, pima mkojo kwanza. Ukiwa na kiu isiyoisha na unakojoa mno, pima na sukari.

Hatua ya 2: Tafuta msuli

Msuli huu umetandazwa kama kamba za kitanda, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, na kibofu, kizazi na utumbo mpana vimelala juu yake. Kwa nje hauonekani ukifanya kazi, ndiyo maana watu wanabana kila kitu isipokuwa wenyewe.

Kojoa kwanza. Lala chali, magoti yameinuliwa, nyayo zimekanyaga chini. Vuta pumzi, itoe, na usikaze chochote.

Karatasi nyingi zinasema "bana kama unakatiza mkojo". Mimi siipendi njia hiyo. Naanzia nyuma: uko kwenye daladala iliyojaa, upepo unataka kukutoka, na hutaki mtu ajue. Zuia. Njia ya haja kubwa itakaza na kuingia ndani. Sasa vuta kubana huko kuje mbele, upite ukeni hadi kwenye njia ya mkojo, kisha uinue juu kuelekea kitovuni. Halafu achia kabisa.

Sasa hakikisha, maana kuhisi peke yake kunadanganya. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapima wanawake waliokuwa wamepewa maelezo mafupi ya mdomo tu. Karibu nusu ndio waliobana vizuri, na kama robo walifanya jambo ambalo lingeweza kuongeza kuvuja. Arnold Kegel mwenyewe, daktari ambaye mazoezi haya yanaitwa kwa jina lake, alipoandika kuyahusu mwaka 1948 alitumia kifaa cha kupima nguvu ya kubana, ili mgonjwa aone anachokifanya. Sisi tumebaki na mazoezi, kipimo tukakiacha.

Kipimo chako ni kidole. Nawa, kata kucha, ingiza kidole kimoja ukeni hadi pingili ya pili, kisha bana. Kidole kikumbatiwe na kuvutwa ndani. Kikisukumwa nje, unakamua kama uliye chooni: acha, pumzika, anza upya kwa nguvu ndogo. Kama kidole hukitaki, tumia kioo cha mkononi. Msamba, ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa, unatakiwa uinuke kuingia ndani. Ukitokeza kuja kwenye kioo, unasukuma. Hata kioo hukitaki? Kunja kanga iwe nene, ikalie kwa msamba kwenye kiti kigumu, bana, na usikilize kama unainuka kidogo kutoka kwenye kitambaa.

Mambo yanayowaponza wengi: matako kukaza (weka viganja chini yake, utayasikia), mapaja kubanana, na pumzi kuzuiwa. Dawa ya pumzi ni kuhesabu kwa sauti, kwani huwezi kuhesabu huku umeshikilia hewa. Tumbo la chini kukaza kidogo ni kawaida. Tumbo kuvimba nje si kawaida.

Kuachia nako ni nusu ya kazi. Usipohisi msuli ukishuka, usiongeze kubana. Wapo ambao msuli wao tayari umekaza kupita kiasi: wanaumia kwenye tendo la ndoa au mkojo unaanza kwa shida. Hao wamwone mtaalamu kabla ya kubana lolote.

Kukatiza mkojo chooni unaweza kujaribu mara moja kwa udadisi. Usiufanye zoezi, kwa sababu unakivuruga kibofu na mkojo unaweza kubaki ndani.

Ukitumia wiki nzima kwenye hatua hii tu, hujapoteza chochote.

Hatua ya 3: Mazoezi yenyewe

Bana sekunde 6 hadi 8 (anza na 2 kama ndio uwezo wako), achia kwa muda uleule, rudia mara 8 hadi 12. Mara tatu kwa siku. Malizia na kubana kwa haraka mara chache. Ukizoea ukiwa umelala, fanya umekaa, kisha umesimama. Miezi mitatu isiyopungua.

Hatua ya 4: Bana kabla

Chafya inakuja? Bana kwanza. Kabla ya kuinua ndoo, bana, inua, kisha achia. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha wanawake waliofundishwa mbinu hii kuvuja kwao wakikohoa kulipungua baada ya wiki moja tu. Mnaoswali, jaribuni kabla ya kwenda sijda.

Hatua ya 5: Wanaobanwa ghafla

Usikimbie. Simama au kaa, bana haraka haraka mara kadhaa, ngoja hamu ipungue, kisha tembea. Punguza chai na kahawa, lakini usipunguze maji, maana mkojo mzito unachokoza kibofu. Choo kigumu nacho kitibu.

Vifaa

Mayai ya mawe na vyuma vya kuingiza ukeni vinavyouzwa mitandaoni, hela yako iache mfukoni. Mwaka 1999 Kari Bø na wenzake wa Norway walilinganisha mazoezi, vyuma vya kuingiza ukeni na mashine ya umeme. Mazoezi ndiyo yaliyoshinda.

Aliyejifungua anaweza kuanza taratibu pindi asipoumia, hata akiwa na mshono, ila mwenye mpira wa mkojo asubiri utolewe. Ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, au miezi mitatu ikipita bila nafuu, nenda ukapimwe: kizazi kilichoshuka kina matibabu yake, na pesari, kifaa kinachowekwa ukeni kushikilia kizazi, ni mojawapo.