Bwana amefungwa na madeni ya biashara? Mama, linda bintu byako

Ba mama ba Kadutu, siku wisie (mtu wa tribinali anakamata bintu juu ya deni) anakuja nyumbani kuandika bintu, usilie kwanza, muulize karatasi na usome jina iko juu.

Angalia ndoa yenu. Kama siku ya ndoa ku komini hamukuchagua rejime (namna bintu byenu bitahesabiwa), sheria ya familia inawaweka mu rejime ya bintu bilivyopatikana pamoja mu ndoa, maana yake frigo mlinunua mkiwa mmeoana inahesabiwa ya wote wawili, hata kama ni weye uliilipa na pesa ya mbuzi zako. Ile ulikuwa nayo mbele ya ndoa, ama urithi wa baba yako, ama zawadi ulipewa weye, njo yako peke. Lakini ni weye wa kuonyesha, hakuna mtu atakuonyeshea.

Basi tafuta fakture, karatasi ya urithi, na kwa parseli sertifika ya anrejistrema (karatasi ya serikali ya mwenye parseli) yenye jina lako. Hii njo inapiga nguvu kuliko mashahidi kumi.

Kisha enda kwa avoka, aombe tribinali itoshe kitu chako mu saizi (bintu bilikamatwa juu ya deni) MBELE ya kuuzisha. Kikisha kuuzishwa, njia inakuwa ngumu sana, nimeona mama analia cherehani yake.

Kama tribinali imeweka sendiki (mtu wa kusimamia bintu na madeni ya biashara iliyoanguka), mupelekee madai yako kwa barua, ubakie na kopi yenye alama kama barua imepokelewa (akize).

Na tafadhali, usisaini kuwa mudamini wa deni ya bwana bila kusoma, hapo hata parseli ulirithi kwa baba yako inaingia mu shida.