Kupata kiwango cha zamani cha shilingi ya Kenya na ya Tanzania

Anza na tarehe ya malipo yenyewe, si tarehe ya kuandika hesabu. Fungua tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania au ya Kenya, sehemu ya viwango vya kubadilisha fedha, chagua sarafu na siku. Ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu hutaona kitu. Chukua siku ya kazi iliyotangulia, na uandike kwenye hesabu kwamba umefanya hivyo.

Huenda ukakuta bei ya kununua, ya kuuza na ya wastani. Kwa vitabu vya hesabu tumia wastani. Aliyebadilisha fedha dukani atumie kiwango kilicho kwenye risiti yake, kwa sababu ndicho alicholipa kweli.

Kosa linaloharibu kazi za wengi ni kugeuza upande. Soma kwanza kama namba ni shilingi za Tanzania kwa moja ya Kenya au kinyume chake.

Sarafu moja ikikosekana, pitia dola ya siku ileile. Tuseme dola ni 2,500 Tanzania na 129 Kenya: 2,500 ÷ 129 = 19.38, yaani shilingi za Tanzania kwa moja ya Kenya. Usichanganye bei ya kununua ya upande mmoja na ya kuuza ya mwingine.

Ukirudi nyuma ya 1966 hakuna cha kutafuta, nchi zote mbili zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Na ukiongeza Uganda, chunga sana 1987: shilingi mpya moja ilichukua nafasi ya 100 za zamani.