Kusimamia uundaji wa kichezeo cha mbwa: anza na namna kitakavyoharibika

Kichezeo cha mbwa hakizeeki kabatini. Kitatafunwa, kitachanwa, kitavutwa na mbwa wawili kila mmoja na upande wake, kisha kitalala nje mvua ikinyesha. Ndiyo maana nikipewa kazi mpya, swali la kwanza kwa fundi si kitapendezaje, bali kitaanza kuharibikia wapi, na kipande kitakachobanduka kitaishia wapi. Mfano wangu hapa ni kamba ya mafundo mawili, kwa sababu karakana ndogo inaweza kuianza bila mashine. Mpira nitaugusa mbele.

Hatua ya 1: Mwandike mbwa

Karatasi moja inatosha. Andika uzito wake, umri, na anachofanya kwa mdomo: kuvuta, kutafuna, au kukimbilia na kuleta. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, na akifika miezi sita au saba huwa ameshapata yale 42 ya ukubwani. Katikati hapo fizi zinamsumbua, anataka kitu laini. Mbwa wa ulinzi wa kilo 35, anayeshinda bandani hadi usiku, huyo hachezi, anamaliza hasira. Mteja akikuambia anataka "cha mbwa wote", mrudishe kwenye karatasi.

Rangi nayo ina siasa zake. Mbwa hutofautisha vizuri bluu na manjano. Nyekundu kwenye nyasi za kijani humpotea. Ila anayelipa ni binadamu, na binadamu anapenda nyekundu. Mimi hutumia bluu na msokoto mmoja wa manjano, nikagombana na muuzaji baadaye.

Hatua ya 2: Chagua malighafi kwa kufikiria tumbo

Mkonge uko Tanga tangu 1893, na sisi wa huku tukisikia kamba tunawaza mkonge. Nilianza nao. Nyuzi zake ni ngumu, zikikatika zinabaki vijiti vinavyochoma fizi. Nikahamia pamba.

Hatari kubwa zaidi ni uzi mrefu, wa pamba au wa nailoni. Mbwa akiumeza, ncha moja inaweza kunasa chini ya ulimi au tumboni, huku utumbo ukiendelea kusukuma. Utumbo unajikunja juu ya uzi kama kiuno cha suruali kinavyojikunja ukivuta kamba yake, na uzi unaanza kuukata. Hapo ni upasuaji. Kwa hiyo mashada ya kupendeza kwenye ncha za kamba kwangu hayapo: baada ya fundo hubaki sentimita mbili, basi.

Ugumu upime kwa kucha ya kidole gumba. Ukibonyeza na kucha isiache alama yoyote, kitu hicho ni kigumu mno. Magego ya mbwa hupasuka kwa mifupa, kwato na pembe. Rangi ipime kwa kuloweka kamba na kitambaa cheupe katika maji ya uvuguvugu usiku kucha. Kitambaa kikiamka na rangi, mrudishie muuzaji nyuzi zake.

Hatua ya 3: Sampuli tatu, badiliko moja

Kila sampuli ipewe namba na ukurasa wake daftarini. Niliwahi kubadilisha unene wa kamba na aina ya fundo siku moja. Fundo lilipofunguka sikujua nimlaumu nani, nikarudia wiki nzima. Fundo likazwe kwa mzigo, si kwa mkono. Sisi huning'iniza kiroba cha kilo 50 kwenye boriti, tunaloweka kamba, tunaianika, tunaning'iniza tena.

Hatua ya 4: Mpe mbwa, ukiwa na mizani

Hatua hii usiiharakishe. Tafuta mbwa watano wanaofanana na yule wa kwenye karatasi, wenye mwenyewe aliyekubali, na daktari wa mifugo anayejua mnachofanya. Pima kichezeo kikavu kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mwache mbwa nacho dakika 20, macho yako yasitoke kwake. Kisha okota kila uzi sakafuni, anika kila kitu juani (mate yana uzito, usidanganyike), upime tena kichezeo pamoja na vilivyookotwa. Gramu zisizoonekana ziko tumboni mwa mbwa.

Usimuulize mwenye mbwa kama mbwa amekipenda. Atasema ndiyo, ni adabu. Uliza kilianza kulegea wapi, na dakika ya ngapi.

Hatua ya 5: Ukienda kwenye mpira

KONG, kichezeo cha mbwa cha mpira kinachojulikana sana, ilizaliwa Colorado, Marekani, miaka ya 1970, pale Joe Markham alipomwona mbwa wake Fritz, German Shepherd, anang'ang'ania kipande cha mpira cha gari la Volkswagen. Mbwa ndiye aliyechagua, mtu alifuata.

Kwako wewe, mambo matatu kabla ya kumlipa mchonga kalibu, yaani umbo la kufinyangia mpira. Mpira wenye uwazi ndani uwe na matundu mawili: wenye tundu moja unaweza kufyonza ulimi, ukavimba na kunasa humo. Usiwe mdogo kiasi cha kupita nyuma ya chonge, maana utaziba koo. Tena mpira husinyaa ukipoa, hivyo kalibu huchongwa kubwa kidogo kuliko kichezeo chenyewe. Mwulize fundi mpira wake husinyaa kiasi gani. Akikosa jibu, tafuta mwingine. Kalibu ni pesa nyingi, na haifutiki kwa kifutio.

Hatua ya 6: Funga sampuli, ndipo uagize

Sampuli mbili zisainiwe: moja yako, moja itundikwe ukutani kwa fundi. Andika urefu, uzito, na tofauti mnayoivumilia. Oda ya kwanza isizidi mia, na kila ya kumi ipande kwenye boriti. Ukilenga mnunuzi wa Ulaya, mwulize mapema kama anataka vipimo vya EN 71, kiwango cha vichezeo vya watoto, kwa kuwa jibu lake linaamua ununue rangi gani. Kwenye lebo weka uzito wa mbwa anayefaa, na agizo la kukitupa nyuzi zikianza kulegea.

Vinavyorudishwa vimetafunwa, vidai vyote. Mimi ninavyo kwenye sanduku la bati, kila kimoja na kikaratasi cha uzito wa mbwa na siku kilizodumu. Kabla hatujachora kipya, tunalimwaga mezani.