Ndoo isiyo na kitako kwa sanamu za mchanga
Anayetaka kusimulia kisa kwa sanamu kubwa ya mchanga katika ufuo wa Bamburi, tuseme jahazi na mabaharia wake, na akate kitako cha ndoo kuukuu, aisimamishe mdomo mpana ukiwa chini ili ivuliwe kwa wepesi, kisha ajaze mchanga uliorowa tabaka kwa tabaka, akishindilia kila moja kwa mchi. Maji machache yaliyobaki kati ya chembe ndiyo yanayozishikamanisha. Yakizidi, huwa uji. Ndoo ikishavuliwa, uchongaji uanzie juu, kwani mabaki huporomokea chini. Mbinu hii hushindwa upepo wa kusi unapokausha uso usionyunyiziwa maji, na zaidi wakati wa bamvua, bahari inapofika hata palipodhaniwa pakavu.