Kubandika RNA kwenye dhahabu: kaa macho na chumvi

Haya wadau, mlioniuliza jinsi ya kupeleka siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni) kwenye seli kwa chembe ndogo sana za dhahabu, nawapa ya mikononi maana ya kwenye slaidi mnayo tayari.

Anza na vyombo. Osha chupa kwa akwa rejia, asidi ya hidrokloriki tatu kwa nitriki moja, ndani ya kabati la moshi sio mezani jamani, afu suuza kwa maji yaliyosafishwa mpaka uchoke. Ya bomba usiguse! Maji ya Dodoma mnayajua, birika halimalizi mwezi ndani limeshaganda ukoko mweupe. Mi nilishawahi kusuuza silinda kwa maji ya bomba kisa haraka, dhahabu ikageuka bluu naiona hivi hivi, yaani chumvi za maji zimegandisha chembe pamoja, asubuhi yote ikapotea.

Chemsha mililita 100 za asidi ya kloroauriki (ndiyo yenye dhahabu) ya milimola 1 kwa lita huku unakoroga, mwagia kwa mkupuo mililita 10 za sodiamu sitreti ya milimola 38.8 kwa lita. Njano inapotea, inakuwa nyeusi kama wino, halafu inakuja nyekundu kabisa kama wine ya zabibu zetu. Hapo una chembe za nanomita 13 hivi.

Sasa RNA. Agiza yenye thaioli (kikundi chenye salfa) mwishoni, salfa na dhahabu zinashikana balaa. Chembe na maji vitibiwe kwa DEPC (kemikali inayoua vimeng'enya vinavyokula RNA) kisha otoklevu, ile mashine ya mvuke wa shinikizo, na glavu mpya kila saa, kwenye vidole kuna kimeng'enya kinachokula RNA na hata kukichemsha hakifi kirahisi.

Changanya, ziache zishikane, ndo uweke chumvi. Ndiyo, chumvi ile ile! Nyuzi za RNA zote zina chaji hasi zinasukumana, chumvi inazituliza zibanane vizuri juu ya dhahabu, ila weka kidogo kidogo kwa masaa kadhaa, ukimwaga yote mara moja unarudi kwenye bluu. Ikibaki nyekundu, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga ya juu yenye RNA iliyobaki huru, rudia mara tatu.

Kwenye seli huhitaji kimiminika cha mafuta cha kuingizia RNA, zinaingia zenyewe. Shida ni kwamba nyingi zinakwama kwenye endosomu, vifuko vya ndani ya seli vinavyomeza vitu, kwa hiyo kuziona ndani ya seli hakumaanishi jeni imezimwa. Pima mRNA yenyewe (nakala ya jeni unayotaka kuizima) baada ya siku moja au mbili, na kisima cha pembeni kwenye sahani ya seli kiwe na dhahabu yenye RNA iliyovurugwa mpangilio, ya kulinganishia.