Kukaanga kahawa kibiashara katika mji mdogo: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia wifi yangu kuanzisha ukaangaji Vwawa, kule Mbozi. Sisi tunakaangia Mbinga mjini: mimi, mume wangu, mama mkwe, na watoto wakiwa likizo. Unamfaa mwenye chumba kimoja, mashine ya kilo 5 na mtaji wa kuungaunga. Anayewaza makontena aulize kwingine.

Hatua ya 1: Karatasi

BRELA (usajili wa jina la biashara), TIN (namba ya mlipa kodi), leseni ya halmashauri, Bodi ya Kahawa, halafu TBS, yaani Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 wamechukua mambo ya chakula yaliyokuwa chini ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mengine utaelekezwa dirishani. Ila chumba kikamilike kabla hujamwita mkaguzi: rangi ya kuoshwa ukutani, wavu dirishani, pa kunawia mikono. Ukikwama, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, la mkoa wako.

Hatua ya 2: Kununua

Usinunue usiku kwa jirani. Najua bei inavutia, na najua magoma hayajaisha: mkulima anapewa hela wakati wa njaa, analipa kahawa msimu ukifika. Mbali na kuwa ni marufuku na ni kumkaba mwenzio, kahawa ya namna hiyo mara nyingi imechumwa mbichi na kuanikwa chini. Pitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na mnada, uwe na stakabadhi mkononi.

Unayoitaka ni kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa na kupangwa madaraja, yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Kama huna kipima unyevu, omba wakupimie mbele yako. Kisha zamisha pua kwenye gunia. Ikinuka ukungu au mafuta ya taa, iache hata kama unapewa nusu bei.

Na tafadhali usihangaike na daraja la AA. Hiyo inakuambia punje ni kubwa, haikuambii ni tamu. Mimi nanunua B, yenye punje ndogo kuliko AA, na PB, ile punje ya mviringo inayokaa peke yake ndani ya tunda. Mteja wangu haoni tofauti kwenye kikombe, mimi naiona kwenye pochi.

Hatua ya 3: Kuchambua

Toa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na mawe. Mama mkwe ndiye mkaguzi wetu, na hapendi kuharakishwa.

Hatua ya 4: Kukaanga

Kwanza, nunua mashine ya gesi yenye pipa linalozungushwa na mota. Sufuria juu ya mkaa inafaa kujifunzia harufu na rangi, lakini huwezi kurudia leo ulichofanya jana, na mwenye hoteli anataka ladha ileile kila mara. Mashine ya fundi wa hapa nchini inatosha kabisa, mradi ina kipimajoto kinachogusa punje zenyewe na kijiko cha kuchotea sampuli.

Mashine ya kilo 5 itie kilo 4. Pasha pipa hadi nyuzi 190 hivi, mwaga kahawa, anza kuhesabu dakika. Mwanzoni utasikia harufu ya majani mabichi, punje zitageuka njano, kisha harufu ya mkate. Karibu na nyuzi 200 inaanza kupasuka kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza. Hapo punguza moto, maana kuanzia sasa kahawa inakimbia. Sisi tunaitoa dakika mbili hivi baada ya mlio kuanza. Ukiiacha ifike mlio wa pili, ule mwembamba wa haraka, mafuta yanatoka juu na ladha ya shamba imekwenda. Sasa unakunywa moshi. Nyuzi zangu usizinakili. Kipimajoto chako kimefungwa mahali pengine, na asubuhi za Juni na Julai huku kwetu baridi inachelewesha kila kitu. Mkaango wa pili nao unakwenda haraka kuliko wa kwanza kwa sababu chuma kimeshashika joto. Andika daftarini dakika ya njano, dakika ya mlio, dakika ya kutoa, uzito ulioingia na uliotoka.

Sasa umeme. Ukikatika, gesi inaendelea kuwaka huku pipa limesimama. Punje za chini zinaungua, na makapi yanaweza kushika moto. Utaratibu ni huu: funga gesi kwanza, zungusha pipa kwa mkono wa chuma (mashine isiyo na mkono wa chuma usiilipie), kisha mwaga zote na kuzipepeta kwenye nyungo, maana hata feni ya kupozea imekufa. Kama zilikuwa hazijafika mlio, usizirudishe motoni umeme ukija. Zitakuwa na rangi nzuri na ladha ya ubao.

Dawa ni inveta na betri kwa ajili ya mota na feni tu. Hapa ndipo jioni nzima ilipotupotea kule Vwawa. Fundi alisoma wati kwenye kibao cha mota, akaleta inveta ya wati hizohizo. Kila tukiwasha, inapiga kelele na kujizima. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha betri, mume wa wifi akaanza kuilaumu mashine. Kumbe mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishazoea. Kwa hiyo chukua inveta kubwa mara tatu au zaidi ya wati za kibaoni, iwe ya wimbi safi (pure sine wave), kwani zile za bei rahisi huifanya mota ivume na kupata joto. Waya kutoka kwenye betri uwe mnene na mfupi. Na ijaribu pipa likiwa limejaa kahawa. Pipa tupu litakudanganya.

Kahawa ikitoka, ipoe ndani ya dakika nne kwa hewa. Wanaonyunyizia maji wanaongeza uzito, na wanajua wanachofanya. Jioni safisha makapi kwenye bomba la moshi, kila siku ya kazi.

Hatua ya 5: Kufungasha

Kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa hewa ya ukaa. Iache ipumue usiku kucha kabla ya kufunga, na tumia mifuko yenye vali, kitundu kinachotoa hewa bila kuingiza ya nje, la sivyo itavimba dukani kwa watu. Andika tarehe ya kukaanga, hata kama mwenye duka ananuna.

Hatua ya 6: Bei

Tuseme kilo ya kahawa safi ni shilingi 10,000. Kilo 4 ni 40,000, lakini kinachotoka ni kilo 3.4 hivi, kwa hiyo kilo iliyokaangwa imeshakugharimu karibu 11,800 kabla ya gesi, mfuko na jasho. Wengi wanapiga hesabu kwa zile 4. Pakiti za robo kilo zitatoka 13, na gramu 150 zinazobaki ndizo za nyumbani. Kahawa ya wageni iandikwe daftarini kama ya mteja mwingine, hata akija baba mkwe. Watoto wakifanya kazi walipwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Kuuza

Mji wa kahawa hunywa chai, hilo likubali mapema. Wateja wako wa kila siku ni wauza kahawa wa mabirika pale vijiweni. Wanataka iliyokolea na kusagwa laini kabisa, na wanalipa taslimu. Usiwadharau kwa sababu wataitia tangawizi. Hoteli zinafuata, maduka mwisho, kwa sababu maduka hukopa. Kwangu sheria ni moja: nikileta mzigo mpya, wa zamani ulipwe kwanza au naubeba narudi nao.